Omena ya Watu, Omena ya Kuku

Jumatatu, 24 Machi. Sio Port.

Omena yote, dagaa wa ziwa hili, iliyoshushwa ufuoni wiki hii imenunuliwa kabla haijakauka, na wanunuzi wote ni wa chakula cha kuku. Amesema hayo afisa wa uvuvi, saa tatu asubuhi, akiwa amesimama kando ya mizani. Nilimuuliza mara mbili. Alirudia vilevile. Hakutaka jina lake litumike. Sitalitumia.

Ziwa linafungwa Jumanne ijayo. Miezi minne bila kuvua omena, ili izaane. Ndiyo maana leo malori yalikuwa matatu badala ya moja.

Utaratibu wa hapa naujua. Wanawake wanamwaga omena juu ya nyavu chakavu asubuhi, wanaigeuza saa sita, wanaichambua jioni. Iliyokauka safi na kung'aa ni ya watu. Iliyonyeshewa, iliyovunjika, iliyoingia mchanga, ni ya kuku. Aliyeamua ni mwanikaji mwenyewe, kwa kuishika na kuinusa. Sasa hakuna kuamua. Mnunuzi anabeba yote kwa bei moja, kwa hiyo hakuna sababu ya kutandika nyavu. Leo nimeona omena imemwagwa juu ya mchanga mtupu na kukusanywa kwa ufagio.

Mama Auma, ambaye ameanika hapa tangu akiwa msichana, alinifungulia kiganja. Katikati ya omena kulikuwa na vitoto vya samaki wakubwa, mbuta na ngege, urefu wa kucha. Nyavu za siku hizi haziachi kitu. Akasema: "Kuku wanakula kwanza. Sisi tutakula hao kuku tukipata pesa. Na wewe unajua hatupati." Mwenzake akamwambia aote manyoya basi, aingie kwenye foleni. Walicheka wote. Hata karani wa mnunuzi alicheka.

Niandike na hili, kwa kuwa hakuna mwingine atakayeliandika: nami nimenunua magunia mawili. Ya kuku wangu.

Jumatano, 26 Machi. Malaba.

Foleni ya malori imepita kituo cha pili cha mafuta. Madereva hawana la kufanya. Wanakula.

Nilikaa kwa Ekisa, mwenye kibanda cha chipsi karibu na uzio wa forodha. Ananunua kuku kwangu kila Ijumaa. Kuanzia saa saba nilihesabu sahani kwa saa moja. Karibu zote kuku na chipsi. Ugali na kunde, sahani mbili, na zote zilikuwa za wafanyakazi wake. Omena haimo tena ubaoni. Aliifuta mwaka jana. Nilimuuliza sababu. "Madam, dereva amelala kwa lori siku tatu. Ukimwekea omena ataona umemtusi. Mpe kuku, atangoja hata wiki."

Nimeandika safari ya sahani moja, kwa ajili ya makala. Viazi: kutoka nyanda za juu, kwa lori, usiku kucha. Mafuta ya mawese: kwa meli, kisha Mombasa, kisha barabara hii hii. Makaa: kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa baiskeli. Wauzaji wanamwambia Ekisa kwamba kila msimu wanakwenda mbali zaidi kupata mti wa kukata. Kuku: kutoka Mundika, kwangu. Ndani ya kuku, omena ya Sio Port. Dereva anamaliza yote kwa dakika kumi na kurusha chupa ya soda kwenye mtaro.

Nilikula robo kuku. Alikuwa mtamu.

Jumapili, 30 Machi. Mundika.

Mvua ya kwanza ya kweli. Kuku wako wiki ya tatu. Hakuna aliyekufa.

Chakula nachanganya mwenyewe. Pumba, mahindi yaliyosagwa, mashudu ya alizeti, omena iliyotwangwa, chokaa kidogo. Nusu ya Mundika inafanya hivyo. Cha dukani kimepanda bei na hakiaminiki.

Nekesa alikuja saa kumi na mbili na nusu kama kawaida. Anatoka Busibwabo kwa miguu. Anafagia banda, anabadilisha maji, anaondoka kabla ya saa tatu kwenda kulima. Mume wake, Wandera, yuko Nairobi kwenye kazi za mjengo. Nekesa anaishi na mama mkwe wake. Binti yao Nabwire ana miaka minne na huja na mama yake. Kazi yake ni kuhesabu kuku. Anafika kumi, anaanza tena moja. Kwake mimi nina kuku kumi.

Mwaka jana nilimwambia Nekesa kwamba mboga ikikosekana nyumbani achote omena kwenye gunia. Huchota kikombe. Huiosha mara tatu, nne, kutoa mchanga. Anapotoka langoni hukificha kikombe chini ya leso, ingawa ruhusa anayo. Sijamuuliza sababu kwa kuwa naijua. Hakuna mtu hapa atakayesema mbele ya watu kwamba amekula cha kuku.

Jumamosi, 5 Aprili. Busia.

Sokoni, wauzaji wa omena wamebaki wawili. Wanauza ya ng'ambo. Kipimo kilikuwa gorogoro, mkebe mzima. Leo ni glasi ya chai.

Mmoja wao aliniambia wateja wake wako wapi. Wamehamia maduka ya vyakula vya mifugo. Wanaomba omena ya kuku, kikombe kimoja, na kabla hawajaulizwa wanaeleza kwamba wana bata nyumbani. "Dada, siku hizi kila mtu Busia anafuga bata. Na mimi sijawahi kumwona bata hata mmoja."

Nilikwenda kwenye duka moja, nikasimama nusu saa. Wanawake wanne. Bata, bata, bata, na mmoja alisema paka.

Makala imetoka. Mhariri amekata aya ya vitoto vya mbuta. Nafasi, amesema.

Jumamosi, 12 Aprili. Mundika.

Gunia la pili lina wadudu. Wale weusi wadogo wanaokula ngozi na samaki mkavu. Wakiachwa wiki mbili litabaki vumbi, na omena nyingine haipatikani mpaka ziwa lifunguliwe.

Nimelinyunyizia dawa ya mahindi. Maelezo ya pakiti ni ya gunia kubwa la mahindi. Langu ni dogo. Nilimwaga pakiti yote na kugeuza kwa mwiko. Nitaianika na kuipepeta kabla ya kuwapa kuku. Gunia la kwanza litatosha mpaka Pasaka, wiki ijayo.

Kazi ya dakika kumi. Nimenawa mara mbili.

Jumatatu, 14 Aprili. Malaba.

Mvua siku nzima. Lori limepinduka, hakuna aliyekufa. Maneno mia mbili. Ekisa anataka kuku themanini kwa ajili ya Pasaka.

Jumanne, 15 Aprili.

Nekesa hakuja. Simu imezimwa. Nimefagia banda mwenyewe. Mgongo.

Jumatano, 16 Aprili.

Saa mbili asubuhi jirani ya Nekesa alipita langoni. Nabwire yuko hospitali tangu jana alfajiri. Amekula uyoga.

Nilikwenda. Mtoto alikuwa amelazwa kitanda kimoja na mwingine. Mate yalikuwa yanamtoka bila kukoma. Misuli ya shavu ilikuwa inacheza yenyewe. Alikuwa amepata degedege mara mbili. Walikuwa wamemtundikia maji. Kwenye kadi: sumu ya uyoga, kwa maelezo ya mama.

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi. Nekesa alikuwa amesimama. Nilimuuliza maswali ya kawaida. Uyoga wa aina gani. Uliota wapi. Nani mwingine alikula. Alisema mweupe. Alisema kwenye kichuguu nyuma ya nyumba. Alisema mtoto peke yake. Aliposema kichuguu, mama mkwe aliinua macho. Nyuma ya nyumba yao hakuna kichuguu. Nimefika pale. Nimehoji watu miaka ishirini na sita na ninamjua mtu anayejibu ili swali liishe.

Nilianza kufikiria gunia. Sikumwambia daktari. Nilitaka kuhakikisha kwanza, ni mazoea ya kazi. Nilipanda pikipiki hadi nyumbani na kurudi. Kuhakikisha huko kulimgharimu mtoto saa moja na robo.

Stoo. Fundo la gunia la pili halikuwa langu. Dawa ilikuwa bado nyeupe juu ya omena, na katikati palikuwa na shimo la kikombe. La duara, safi. Katika stoo yangu kila kitu kina vumbi jeupe la mahindi: mlango, mizani, magunia, mimi. Angejuaje.

Nilitoa pakiti tupu kwenye pipa. Nilimkabidhi daktari wa zamu saa tano na dakika ishirini. Alisoma mgongo wa pakiti, akarudi kummulika mtoto macho. Mboni zilikuwa ndogo kama nukta ya kalamu. Aliniuliza ni lini, ni kiasi gani, ni nani aliyeiweka. Nilijibu yote matatu. Sindano za atropini zilianza saa tano na nusu.

Alisema jambo moja tu, bila kupandisha sauti. Angeambiwa jana, angeanza jana.

Nekesa alinifuata hadi kwenye bomba la maji uani. Hakuwa analia. Aliuliza kama ni ule unga mweupe. Nikasema ndiyo, ni dawa, niliiweka mimi Jumamosi, na sikukuambia. Akaeleza. Jumatatu hapakuwa na mboga isipokuwa kunde zilizolala. Watu wazima walikula kunde. Omena alikaangiwa mtoto, kwa sababu samaki akiwa kidogo ni wa mtoto. Mama mkwe alidhani imetoka sokoni.

Nilimuuliza kwa nini uyoga.

"Nilisema uyoga kwa sababu uyoga ni chakula cha watu. Mama, ningesemaje mbele ya mama mkwe kwamba mtoto wa Wandera anakula cha kuku?"

 

Ijumaa, 18 Aprili. Ijumaa Kuu.

Anapumua. Yuko kwenye oksijeni. Degedege imekoma tangu jana mchana.

Afisa wa afya ya umma alikuja Mundika kuchukua gunia. Alilifunga kwa utepe, nikatia sahihi. Aliuliza kazi yangu. Nikasema mwandishi wa habari. Akaandika mfugaji. Ni kweli pia.

Ekisa alipiga simu mara tatu. Nimempelekea kuku themanini. Hawakugusa gunia la pili, nimejiridhisha. Alinitakia Pasaka njema. Sikumwambia kitu. Nilipokuwa naondoka mafuta yalikuwa yameshaanza kuchemka.

Najichukia kwa utaratibu, kama mtu anayefanya kazi ya zamu.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka.

Bado oksijeni.

Alhamisi, 24 Aprili.

Amefumbua macho. Amemtambua mama yake. Ameomba uji.

Nekesa amemwambia mama mkwe yote, mwenyewe, bila kushauriwa na mtu. Nilitegemea kelele.  Mama yule aliniuliza kama kuku wangu waliila ile omena. Nikasema hapana.

"Basi kuku wako wana bahati," akasema. Hajaongea nami tena.

Wandera amepigiwa simu. Amesema atakuja mwisho wa mwezi, fundi mkuu akimruhusu.

Jumanne, 6 Mei.

Nabwire aliruhusiwa kwenda nyumbani wiki iliyopita akitembea. Leo hatembei. Nekesa alimbeba mgongoni hadi hospitali. Nilimkuta pale.

Mguu wa kushoto unaburuta, unyayo unaning'inia. Wa kulia una nguvu kiasi. Daktari yuleyule. Alieleza polepole. Sumu ya aina hii mara nyingine huondoka, kisha baada ya wiki mbili au tatu neva za miguu zinaonyesha kilichobaki. Kuna watoto wanaopona kabisa. Kuna wasiopona. Hakuna dawa ya kuharakisha. Ni mazoezi, chakula na muda.

Nilimwomba aseme ni ipi kati ya hizo mbili. Alisema hajui. Nilimheshimu kwa hilo.

Nabwire aliniuliza kuku wako wangapi sasa. Nikasema kumi.

Jumamosi, 10 Mei. Sio Port.

Ziwa limefungwa kwenye karatasi. Saa kumi na mbili alfajiri mitumbwi minne iliingia kupitia kwenye mafunjo, mbali na ufuo rasmi. Haikuwa na taa. Lori lilikuwa linangoja barabarani, si ufuoni. Kila kitu kilipakiwa kibichi. Niliona ndani ya beseni moja: omena wenye mayai, karibu wote.

Mama Auma hakuwa kazini. Nilimkuta nyumbani akipalilia mihogo. Alisema wanaovua sasa ni watoto wa majirani zake na hatawataja. Alisema pia kwamba yeye haoni ajabu. Mtu anayekuja na fedha taslimu mwezi wa njaa anauziwa, awe anatafuta cha watu au cha kuku. Niliandika vilevile.

Nilimsimulia kuhusu Nabwire. Aliacha jembe. Hakuuliza kuhusu dawa. Aliuliza omena ile ilikaangwa na nini. Nikasema kitunguu na nyanya moja. Akasema, kwa hiyo mama yake aliipika vizuri.

Alhamisi, 15 Mei. Busia.

Mhariri anataka habari ya sumu. Nimeandika. Aya ya kwanza: mtoto, kiasi, tarehe. Aya ya pili: mwenye gunia ni mwandishi wa habari hii. Amenirudishia. Mwandishi hajiandiki, amesema, na alinipendekezea "mkazi mmoja wa Mundika". Nimekataa. Ametuma kijana kutoka Kakamega anihoji.

Kijana alikuja saa nane, na kinasa sauti na viatu visivyofaa tope. Swali la kwanza: ulijisikiaje. Nikamwambia aanze na kiasi cha dawa, na aandike Busibwabo kwa usahihi. Ameandika Busibwapo mara mbili. Swali la mwisho lilikuwa bora. Aliuliza ni nani mwingine Mundika anayefanya kama nilivyofanya. Nikasema: wengi, na wengi wana mtu anayewafagilia banda.

Jumapili, 18 Mei. Busibwabo.

Nilikwenda kuomba msamaha rasmi. Nilituma habari kwamba naja tangu Jumatano, kama inavyotakiwa. Nilibeba sukari, sabuni, unga. Sikubeba kuku. Nilifikiria sana kuhusu hilo na nikaona ni bora nisibebe.

Wandera yupo. Alikuwa amekuja, akarudi Nairobi, sasa amekuja tena, fundi mkuu amempunguza kazini. Ni mtu mpole. Alinikaribisha kiti. Nilisema nilichokuwa nimekwenda kusema, kwa mpangilio: nilifanya nini, sikufanya nini, nitalipia nini. Alisikiliza. Akasema kosa limesikika. Hakusema limesamehewa.

Kisha nikasikia nyuma ya jikoni. Kuku mmoja, jike la kienyeji, na kisha kimya.

Walikuwa na mmoja tu. Nilimwona nilipoingia, anachakura chini ya mgomba na vifaranga vitano. Mgeni aliyetuma habari huchinjiwa. Haijalishi amekuja kwa lipi. Kumwacha aondoke bila kuku ni kumwambia kwamba hamtaki kumwona tena, na familia hii haikutaka kusema hivyo, au haikutaka kuwa ya kwanza kusema. Nilianza kusema kwamba si lazima. Mama mkwe alitoka jikoni na kunikatiza. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu Aprili.

"Hapa kwetu kuku ni wa mgeni. Kula."

Niliwekewa firigisi. Niliila. Kuku alikuwa mgumu, wa kutafuna, amekula wadudu na makombo maisha yake yote na hakumgharimu mtu yeyote kitu. Nabwire alikaa kwenye mkeka, mguu umenyooshwa kwenye kibao alichochonga baba yake, akila ugali na kunde. Nilimpa paja. Alimtazama bibi yake kwanza. Bibi akaitikia. Akala.

Nikiwa mtoto, nilikula kuku Krismasi na mjomba alipokuja. Ndivyo walivyokula watu wote niliowajua. Sasa namlisha dereva wa lori kuku Jumatano saa saba mchana, kwa sababu amechoka kungoja. Sijui ni lini ilibadilika. Ningepaswa kujua. Ni kazi yangu.

Vifaranga vitano vilikuwa bado vinalia nilipotoka.

Jumanne, 20 Mei.

Habari imetoka, ukurasa wa kumi na nne. Jina langu liko sahihi. Busibwabo pia.

Simu saba. Nne za wafugaji wa Mundika. Wawili walinitukana kwamba nimewaharibia soko. Mmoja aliuliza, sauti ya chini, dawa hiyo inakaa kwenye gunia muda gani. Wa nne alikata kabla hajasema kitu. Mzee mmoja wa Sio Port alitaka kujua kwa nini sikuandika jina la mnunuzi. Nikamwambia sikulipata kwa uhakika. Akasema yeye analo. Nimempangia miadi. Simu mbili zilizobaki zilikuwa za watu wanaouza dawa nyingine.

Ekisa hakupiga. Nimesikia amepata mfugaji mwingine, Mundika hii hii.

Jumatano, 28 Mei. Busia.

Banda ni tupu. Nimeliosha kwa chokaa. Sikuingiza vifaranga mwezi huu. Mwezi ujao sijui. Mshahara wa gazeti haunifikishi mwisho wa mwezi na sitajidanganya hapa.

Nilimpeleka Nabwire na mama yake hospitali. Wandera alibaki kupalilia. Nekesa haji tena kunifanyia kazi. Hatukulizungumza, liliisha lenyewe. Njiani aliketi na mtoto mapajani, akaniambia mvua imekuwa nzuri Busibwabo. Nikasema Mundika pia.

Mguu: umeongeza nguvu kidogo. Anaweza kusimama akishika kitanda, akihesabu. Alifika saba. Daktari alimwambia akifika kumi apumzike. Mtoto akasema baada ya kumi kuna moja.

Halafu mtaalamu wa lishe, msichana mchapakazi, mezani mwake kuna chati ya vyakula. Alimpima mtoto mkono, akaandika. Damu iko chini. Uzito uko chini. Anahitaji samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao, mara tatu kwa wiki, kwa ajili ya neva, damu na mifupa. Aliweka alama ya vema mbele ya neno, akageuza karatasi ili Nekesa aione. Omena.

Nekesa aliuliza inapatikana wapi. Msichana akasema sokoni.

Nekesa alikunja karatasi mara nne na kuitia kwenye leso. Hakunitazama, nami sikumtazama. Tulipita sokoni. Omena, kipimo cha glasi moja ya chai. Aliinusa, akaisugua kati ya vidole, akapuliza vidole akaviangalia. Muuzaji alimuuliza anatafuta nini. Akasema hatafuti kitu, anaiangalia tu. Alilipa mwenyewe, akamiminiwa kwenye kikombe chake. Nilitoa pesa, akatikisa kichwa.

Niliwashusha kwenye njia panda. Alimbeba mgongoni. Kikombe alikishika mkononi, wazi.

Kliniki ya viungo: Jumanne, 10 Juni, saa mbili asubuhi. Nitawachukua njia panda saa moja kasoro robo.